Mbwa wa Mapajani Niliyempima kwa Jicho

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuweka mwishoni mtasema nilitaka kuuficha. Niliwahi kumwogesha mbwa wa kilo mbili na nusu kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, nimeichanganya kwa kukisia, ndani ya beseni la kuoshea vyombo, uani kwangu Mkuyuni, Jumapili baada ya misa. Msinitafutie kisingizio cha ugeni wa kazi. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini nikishika mifugo ya watu, nina koti jeupe, na mfukoni mwa koti nina kalamu mbili. Mbwa alikuwa wa jirani yangu, Mwalimu Perpetua. Kwa mtu kama mimi, ambaye akitoka nje ya geti lake anahesabu amesafiri, Mwalimu ndiye rafiki pekee ambaye kwake nafika bila kuvaa viatu. Mbwa alinusurika. Mwalimu sikumwambia kilichotokea. Nilimwambia ni hali ya hewa, na miaka sita nikaishi na hali ya hewa hiyo kifuani.

Ninyi mliobaki kliniki mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie uzoefu wangu. Mliomba mkiwa mmeshiba pilau, kwa hiyo sijui kama mlimaanisha, lakini mimi nina muda sasa, na mtu mwenye muda ni hatari. Habari za vyeo sitaandika. Cheo changu kilikuwa kimoja, msaidizi wa mifugo, nikakitunza vizuri mpaka mwisho kikabaki vile vile nilivyopewa. Mshahara mnaujua, ni ndugu ya huo mnaolalamikia. Nitawaandikia juu ya josho, mizani, na hao mbwa wadogo wanaobebwa kama vitenge vipya, maana ndio watakaowaweka mjini.

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye josho moja upande wa Kisesa, lile ambalo ukitokea Bujora unalisikia kabla hujaliona, kwa kuwa ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa hawasubiri kimya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikasomea mifugo ngazi ya cheti. Niseme ukweli: nilichagua mifugo kwa sababu sipendi kutembea. Nilidhani ng'ombe analetwa ofisini, anakaa kwenye benchi, anasubiri kuitwa jina. Nikaenda na viatu vya kanisani. Kufika saa nne, kiatu kimoja kilikuwa ndani ya josho, na katika wanaume wote waliokuwepo hakuna aliyejitolea kukifuata.

Wenye ng'ombe walikuwa wanamsubiri bwana mifugo mpya. Waliponiona, wakatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mzee mmoja akanikagua kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu. Kisha akainama kwa adabu zote na kusema, "Haya. Shikamoo, bwana mifugo." Mzee wa umri wa babu yangu! Josho zima likacheka, hata ng'ombe nadhani. Jina likanibaki. Nimeolewa, nimezaa, nimepata wajukuu, na mtaani kwetu bado naitwa bwana mifugo.

Aliyenifundisha kazi ni mwangalizi wa josho, Mzee Magesa, mtu wa Majita huko ufukweni Mara. Alikulia kwenye samaki, akazeekea kwenye ng'ombe, na wote hakuwaamini. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: kijiti kirefu kilichochanjwa alama kwa kisu, kikombe cha bati cha kupimia dawa, na mdomo. Kila asubuhi, kabla ng'ombe wa kwanza hajaruka, alizamisha kijiti kwenye josho, akasoma maji yameshuka alama ngapi, ndipo akaongeza maji na dawa, dawa kwa kikombe. Mvua ikinyesha anarudia. Ng'ombe wakipita wengi anarudia. Mimi nilimwona kama mtu anayepimapima supu ya harusi.

Wenye ng'ombe wao hawakupima kitu. Msukuma mwenye ng'ombe anasimama, anakunja mkono, anamtazama dume, anakwambia, "Huyu kilo mia tatu na kumi." Ukimpeleka kwenye mizani ya mnada, ni mia tatu na nane, halafu mwenyewe anasema mizani ina kasoro. Ufundi huo ulinivutia, kwanza kwa sababu unafanyika ukiwa umesimama mahali pamoja. Nikawa nakaa nao, nakisia, wananisahihisha, mpaka siku moja nikataja uzito wa fahali mweusi na mwenye fahali akapiga kofi. "Bwana mifugo ana jicho!" Nikaenda mbio kumsimulia Mzee Magesa.

"Jicho la nani?" akauliza.

"Langu, mzee."

"Limesomea wapi?"

"Kwa hawa wenye ng'ombe."

"Hao wanapima ili wauze. Wakikosea, hasara ni yao, watapiga kelele utawasikia mpaka Mwanza. Wewe ukikosea dawa, hasara ni ya ng'ombe, na ng'ombe hasemi. Shika kikombe."

Nilishika kikombe miaka yote aliyokuwa akinitazama. Aliporudi kwao Majita kupumzika, nikaanza kuchanganya kwa kuangalia rangi ya maji. Yakifika weupe fulani, basi. Ng'ombe waliingia na kutoka salama, kwa kuwa ng'ombe ni mkubwa, na mnyama mkubwa ana nafasi ya kusamehe. Msamaha huo ndio ulioniharibu. Mtu akikosea na asipate adhabu, haliiti tena kosa. Analiita uzoefu, kisha vijana wanamwomba auandike.

Josho lilipopasuka nyufa likakaa bila maji, nikapata kazi mjini Nyamagana, hapo hapo mlipo, chumba cha mbele dawa na chumba cha nyuma meza. Siku ya kwanza nilifurahi kuona kiti. Ya pili wakaanza kuingia mbwa wa mapajani, na furaha ikapungua. Mimi nimekua nikijua mbwa ni mfanyakazi: anachunga, analinda, anakula ukoko, analala nje. Sasa naletewa mbwa amevaa sweta. Mwanza hii, saa saba mchana, mbwa ndani ya sweta la sufu na mwenye mbwa anajipepea kwa gazeti! Nikauliza ana nini. Eti anahema sana. Nikamwambia mama yule, mvue. Akaniuliza hiyo ndiyo dawa? Ndiyo, mama, ndiyo dawa, na inapatikana bure, ndiyo maana hujawahi kuisikia.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki aliyetaka nimtafutie mbwa anayefanana rangi na sofa lake. Sikumcheka mbele yake, alikuwa mteja. Nilimuuliza tu akibadilisha sofa itakuwaje, na akafikiri kweli, muda mrefu. Mwingine alinunua mbwa wa Kimalta stendi, ndani ya boksi la biskuti, mweupe, amechanwa, ana utepe shingoni. Miezi minne baadaye mbwa alikuwa anamfika kiunoni na amekula mguu wa kabati. Akaja kuniomba dawa ya kumdumaza. Nikamshauri avue utepe, amjengee banda, awashukuru waliompa mlinzi kwa bei ya mapambo.

Kwa hiyo mtu akiwauliza namna ya kuchagua, msimwache achague kwa picha ya kwenye simu. Kwenye simu hata mimi ni mrembo. Mwambieni aende akamwone mama wa mbwa. Mama ndiye cheti. Kama muuzaji anasema mama yuko safarini, anunue nyanya arudi nyumbani. Afungue mdomo wa mtoto, aangalie ufizi uwe wa waridi, meno ya juu na ya chini yakutane. Apitishe kidole kitovuni, pakiwa na kinundu laini ni ngiri. Asikilize pumzi: hawa wa Kichina wenye pua bapa wanakoroma hata wakiwa macho, na kwa joto letu na milima yetu ya mawe, kumnunua asiyeweza kupumua ni kununua huzuni. Amwache atembee. Anayebebwa muda wote na muuzaji, ujue kuna mguu haufanyi kazi. Mwisho, ajitazame mwenyewe: huyu ataishi miaka kumi na tatu au zaidi, na si kila mtu anavumiliwa muda huo, sembuse kuvumilia.

Sasa nifike kwa Mwalimu. Alifundisha darasa la tatu maisha yake yote ya kazi, na bado akikutazama unahisi hujamaliza zoezi. Mume alifariki, mtoto wake mmoja yuko Dar. Mtoto akaona mama anakaa peke yake, akamtumia mbwa wa Kimalta, mdogo, mweupe, nywele mpaka chini. Mwalimu akaniita nje ya uzio nimwone.

"Nilimwomba friji," alisema. "Amenitumia hiki."

"Ni mbwa mzuri, Mwalimu."

"Mbele ni wapi?"

Akamwita Pamba. Wiki ya kwanza alitangaza kwamba yeye ni mtoto wa wafugaji na mbwa atalala nje. Wiki ya pili mbwa alilala jikoni. Ya tatu nilimkuta amelala mapajani mwa Mwalimu wakati wa taarifa ya habari, na Mwalimu ameinua mkono ananizuia kuongea. "Anaogopa radi," alininong'oneza. Ulikuwa mwezi wa saba, mawinguni hakuna kitu. Tangu hapo nilimsikia kila asubuhi akizungumza, mtu aliyekuwa amenyamaza tangu mazishi ya mumewe. Anamweleza Pamba bei ya mchele, anamgombeza kuhusu mikia ya dagaa, anamuuliza maswali na kumjibia. Nawaambia haya ili mjue nilichokaribia kuua hakikuwa mbwa peke yake.

Jumapili yenyewe, Pamba alikuwa amepata kupe. Mbuzi wa jirani wa juu hupita kwenye mawe nyuma ya nyumba zetu, wakiacha kupe kama watu wanaoacha kadi za mwaliko. Mwalimu akaja naye mkononi.

"Hebu mtazame. Au kesho nimlete kliniki?"

Kliniki kulikuwa na mizani. Kliniki kulikuwa na dawa ya mbwa, daktari, na maandishi kwenye chupa. Lakini kumkaribisha kliniki ni kukubali kwamba Jumatatu, siku niliyokuwa na ruhusa, nitafanya kazi, na mimi siku za mapumziko nikishakaa huwa sinyanyuki.

"Ya nini uhangaike kwenda mjini," nikasema, "na mimi niko hapa?"

Chini ya kitanda nilikuwa na chupa tangu enzi za josho, karatasi yake imefutika imebaki picha ya ng'ombe nusu. Nikamtazama Pamba. Nikakunja mkono, nikasimama kama wazee wa Kisesa. Jicho langu maarufu likasema: kilo saba. Nikamimina kwa kilo saba, nikaongeza kidogo kwa sababu kupe walikuwa wengi, nikakoroga mpaka maji yakafika ule weupe wangu. Nikamtia.

Kilo saba zikaisha pale pale. Zilikuwa nywele. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kama panya buku aliyepata habari mbaya. Hapo mtu mwenye akili angemtoa, amsuuze, aombe radhi. Mimi nilijiambia: ng'ombe hasuuzwi. Ng'ombe anatoka joshoni anasimama juani anakauka na dawa yake. Nikamkausha Pamba juani juu ya jiwe, naye akakaa anajilamba, kitu ambacho ng'ombe aliyetoka joshoni sikumwona akikifanya. Mwalimu alisimama karibu. Akanusa hewa, akanitazama, akasema, "Mh." Nikadhani anasifu.

Saa tisa nikasikia sauti kwenye uzio. "Bwana mifugo! Pamba amelewa."

Alikuwa ananyanyua mguu anasahau pa kuuweka. Alitapika, akalala, mwili ukawa wa baridi. Tukachukua bajaji, Mwalimu amemfunga kwenye khanga kama kichanga, mimi nimekaa pembeni nimeshika simu namwita daktari.

"Atakufa?" akauliza.

"Hafi."

"Umejuaje?"

"Nimezoea, Mwalimu."

"Ulizoea ng'ombe," akasema, akageukia upande wa barabara.

Daktari wetu mnamjua, umri wa mwanangu, ukali wa mkwe wangu. Akafunga mlango wa chumba cha nyuma, Mwalimu akabaki mbele kwenye benchi. Daktari hakuniuliza Pamba anaumwa nini, alinusa tu.

"Umempa nini?"

Nikamwambia. Huo ndio wema pekee nilioufanya siku ile, kwa hiyo niacheni niutaje. Msimdanganye kamwe daktari; mdanganyeni nani sijui, lakini si anayeshika sindano.

"Ulipima kwa nini?"

"Kwa jicho."

"Jicho lina namba?"

Tulimwosha kwa sabuni mara tatu, tukamsuuza, tukamnyoa mpaka akafanana na pimbi wa kwenye mawe. Daktari akamchoma dawa ya kuipunguza nguvu ile sumu, akamwekea dripu kwenye mguu mwembamba kama njiti, nami nikajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, nikazifunga kwa vitambaa, nikamzungushia. Wakati huo ndipo alipowekwa kwenye mizani, ile ya watoto wachanga mnayoijua. Kilo mbili na nusu, na khanga juu yake.

"Atapona nadhani," daktari akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe ulichofanya. Si mimi. Wewe."

Nikatoka na nia hiyo, naapa. Mwalimu alikuwa amekaa na mikono mitupu mapajani, anaitazama. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Kama amekufa, usiseme haraka."

Ningemwambiaje? Watu jasiri wangemwambia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilifikiria kibaraza chake, chai yake ya tangawizi, na jinsi ambavyo nisipokuwa na pa kwenda hapo, sina pa kwenda kabisa.

"Hajafa," nikasema. "Ni hii hali ya hewa tu."

"Hali ya hewa," akarudia, polepole, kama anaandika ubaoni.

Jumatatu asubuhi Pamba alimbwekea daktari. Hicho kilikuwa kipimo tosha.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuwa yule mtu mliyemjua, anayewafokea kuhusu mizani. Mlininong'ona kwamba nimezeeka vibaya. Hakuna mnyama aliyepita mbele yangu bila kuwekwa juu ya kitu chenye namba, hata kuku, hata yule kobe aliyeletwa kwa utani. Nilitafuta kikombe cha bati nikakitundika ukutani. Mlidhani ni cha chai, na mmoja wenu, simtaji, alikaribia kunywea.

Pamba naye nikawa mtumishi wake. Kila Jumamosi niko kibarazani namchana, na hapo ndipo nilipojifunza utunzaji ninaowaambia sasa. Nywele ndefu zichanwe kila siku, la sivyo zinashikana kuwa mkeka na chini ya mkeka ngozi inaoza. Kwa joto letu kata fupi, usinyoe mpaka ngozi, jua litamuunguza. Macho yafutwe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Masikio yakauke. Meno yasuguliwe kwa kitambaa, maana mbwa hawa midomo yao midogo na meno yamebanana kama abiria, yanaoza mapema. Mapanki ya sangara, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, asipewe, mwiba mmoja unatosha. Apewe mnofu, dagaa waliochemshwa bila chumvi, chakula kidogo kidogo mara nyingi akiwa mtoto, kwa sababu akikaa na njaa anaishiwa nguvu ghafla anaanguka. Asiruke kutoka kwenye mawe, mifupa yake ni ya kuku. Asiachwe uwanjani peke yake, mwewe wa huku wamezoea kunyakua samaki mikononi mwa watu, na kutoka juu mbwa wa kilo mbili ni samaki mwenye nywele. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hata kama mwenyewe anasema "hatoki ndani." Kichaa kinajua kupiga hodi.

Mwezi mmoja baada ya tukio, nilimsikia Mwalimu akimwita mbwa kwa jina jingine. "Atasema! Atasema, njoo ule!"

"Pamba amekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimembadilisha. Anaitwa Atasema."

Kitaalamu nilimweleza si vizuri kumbadilishia mbwa jina. Lakini nilielewa. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa mtu. Ukiona mbwa anaitwa Wivu au Mtachoka, ujue kuna jirani anasomewa kila siku wakati wa kulishwa. Mwalimu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na wifi yake kuhusu kiwanja, na mtaa mzima tulikubaliana kwamba barua ni ya wifi. Nilimhurumia wifi yule. Asubuhi na jioni, miaka sita, "Atasema! Atasema!" Nikawa nasema moyoni, mwanamke huyo ana roho ngumu, kwa nini hasemi yakaisha?

Na kila Krismasi Mwalimu aliniletea jogoo, hai, amefungwa miguu.

"Kwa kumwokoa mwanangu," anasema.

Wa kwanza nilimla kwa shida. Wa pili nilijaribu kumkataa. "Unakataa shukrani?" akauliza kwa ile sauti ya darasa la tatu, nikapokea. Wa tatu alikuwa mnono. Kufika wa tano nilikuwa nimeshamzoea kiasi kwamba mwezi wa kumi na moja nilianza kununua viungo. Ndivyo dhamiri inavyokwisha, haikatiki. Inachemshwa taratibu na vitunguu.

Nilipostaafu, Jumatatu ya kwanza bila kazi, niliamka sina pa kukimbilia. Nikamkumbuka Mzee Magesa: ng'ombe hasemi. Basi nikaona kwamba miaka yote hiyo, kati ya mbwa na mimi, aliyeumbwa na ulimi ni mimi. Nikaoga. Nikavaa viatu, kwa sababu niliona huenda leo nikafukuzwa, na mtu akifukuzwa ni vizuri awe na viatu.

Mwalimu alikuwa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Atasema, uzee umeanza kumfika, meno yamebaki mawili, amelala juu ya kiti changu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umevaa viatu. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi kaa. Mbebe kwanza, usimkalie."

Nikambeba. Kilo mbili na nusu, sikuhitaji mizani, lakini nakiri ingekuwapo ningempima.

"Mwalimu, ile Jumapili. Haikuwa hali ya hewa."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Ilikuwa dawa ya ng'ombe. Niliichanganya kwa jicho kwa sababu nilikuwa mvivu kwenda kliniki. Nilikaribia kumuua, halafu nikakudanganya ukiwa umekaa pale kwenye benchi."

Akatupa jiwe moja nje ya kibaraza. Akatafuta jingine. Mbwa alikuwa akihema mkononi mwangu.

"Mimi nimezaliwa Bujora," akasema, bila kuinua uso. "Baba yangu kila wiki alirudi kutoka joshoni ananuka hivyo hivyo. Tulimfanya alale nje. Wewe ulidhani harufu ile nitaiita hali ya hewa?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla mbwa hajakauka. Ila nilikuamini kuliko pua yangu. Hilo ndilo liliniuma."

Jambo moja likaniingia polepole, kama dripu.

"Na jina la mbwa? Si la wifi yako?"

"Wifi yangu hajui kama nina mbwa."

Nikamtazama Atasema. Akanitazama kwa macho yake ya maji, miaka sita ya barua, na msomaji alikuwa mimi.

"Sasa, Mwalimu, kama ulijua, kuku ulikuwa unaniletea wa nini?"

Akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi, akaniambia, nanukuu neno kwa neno:

"Nilitaka nione utakula kuku wangapi kabla hujasema."